Je, Wajua? Ndagala, Mawese na Saratani

Je, wajua kwamba neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando? Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa sababu uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotuna ulifanana machoni mwao na kaa aliyetandaza miguu. Huku kwetu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, kutoka Rumonge kushuka Nyanza-Lac hadi Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania, wengi husema kansa, na wakilitaja neno hilo hupunguza sauti. Leo tutalitaja kwa sauti ya kawaida, maana kuna mengi ya kufanya kabla kaa hajaingia nyumbani.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila saratani 100, kati ya 30 na 50 zinaweza kuzuiwa? Haihitajiki dawa ya siri wala mzizi wa porini unaouzwa kwa bei ya mbuzi. Kinga nyingi ziko jikoni, ghalani, kwenye mwalo na katika kituo cha afya. Hata hivyo nasema mapema: mtu anaweza kula vizuri maisha yake yote na bado akaugua. Mgonjwa wa saratani asilaumiwe, aangaliwe.

Je, wajua kwamba mafunzo makubwa mawili kuhusu saratani, moja la mbu na moja la maharage, yalipita mikononi mwa daktari mmoja aliyefanya kazi Uganda? Denis Burkitt alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Muda si mrefu akakutana na mwingine mjini Jinja mwenye uvimbe uleule. Akaandika habari zake mwaka 1958. Kisha mwaka 1961 akanunua gari kuukuu la Ford, akapakia vitu vyake pamoja na madaktari wenzake wawili, wakasafiri wiki kumi na kilomita 16,000 hivi, hospitali kwa hospitali, picha mkononi, wakiuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipopangwa kwenye ramani, ugonjwa ulionekana kufuata joto na mvua. Karibu na ikweta, ukishapanda zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ulitoweka.

Uvimbe ule ukapewa jina lake, limfoma ya Burkitt. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake London walikuta kirusi ndani ya chembe zilizotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho, Epstein-Barr, karibu kila mtu duniani anacho na hakimdhuru kwa namna hiyo. Kinachombadilishia mambo mtoto wa nchi ya joto ni malaria ya mara kwa mara, inayoisumbua kinga ya mwili mpaka ishindwe kukidhibiti kirusi. Sasa angalia ziwa letu: maji yake yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bonde lote la Imbo, la kando ya ziwa, liko chini kabisa ya mstari ule wa Burkitt, ndani ya eneo la mbu. Kwa hiyo mama wa Kabonga anayechomeka chandarua chini ya godoro kila jioni anamkinga mwanawe na homa, na papo hapo anamkinga na saratani. Watu wachache huambiwa hivyo wanapogawiwa vyandarua.

Na maharage? Burkitt aliporudi Uingereza katikati ya miaka ya 1960 alianza kujiuliza kwa nini magonjwa yaliyojaa wodi za London, saratani ya utumbo mpana ikiwa mojawapo, hakuyakuta kwa wingi Uganda. Akashika njia ambayo wengine waliionea haya: yeye na wenzake walipima choo. Walikuta kwamba kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilichukua saa 36 hivi kutoka mdomoni hadi chooni, na kila mtu alitoa wastani wa gramu 470 kwa siku. Mabaharia vijana wa jeshi la Uingereza walikaa nacho zaidi ya saa 80, wakatoa gramu 100 na kidogo. Tofauti kubwa, kwa maelezo yake, ilikuwa nyuzinyuzi: makapi ya nafaka, maganda ya maharage, mboga na mizizi. Uchafu ukikaa muda mfupi tumboni, na ukiwa mwingi na laini, ngozi ya utumbo haiguswi sana na sumu zake. Baadaye wataalamu waliongeza jambo lingine: bakteria wa utumboni huzichachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi iitwayo butireti, ambayo ni chakula cha chembe za utumbo mpana zenyewe.

Je, wajua kwamba sahani ya maharage unayoiona ya kawaida mno ndiyo watu wa miji tajiri wanayohimizwa kuirudia? Warundi ni miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 13 hadi 15 hivi za nyuzinyuzi, na kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau gramu 25 kwa siku. Ongeza lengalenga au sombe ya majani ya muhogo, ongeza ndizi au kiazi kitamu, umefika. Anayebadilisha maharage kwa mkate mweupe na soda kwa kuwa amepata kazi mjini hajapanda cheo cha chakula. Ameshuka.

Je, wajua kwamba jambo hili limepimwa Kilimanjaro juzi tu? Matokeo yalitoka mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini waliozoea hicho wakapewa cha kienyeji: maharage, mboga, ndizi, vyakula vya nafaka. Wengine walikunywa mbege ya ndizi na ulezi kwa wiki moja. Kwa waliohamia soseji, dalili za uvimbe wa ndani katika damu zilipanda, na kinga yao ikawa goigoi mbele ya vimelea. Kwa waliorudi kwenye chakula cha kienyeji zilishuka, na mabadiliko mengine yalionekana hata wiki nne baadaye. Utafiti ule haukupima saratani, na sipendi kuubebesha usilosema. Lakini uvimbe wa ndani unaodumu miaka ni rutuba ya saratani kadhaa, na wiki mbili tu zilitosha kuugeuza.

Je, wajua kwamba wekundu wa mafuta ya mawese ya Rumonge ni karotini, rangi ileile ya karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A? Na karotini iliyomo katika majani ya lengalenga au ya muhogo haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Bibi zetu waliotia mawese kwenye sombe hawakusoma kemia, lakini chungu chao kilikuwa sahihi. Kipimo tu: karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta mazito ambayo moyo hauyapendi yakizidi, kwa hiyo yatiwe kwa kijiko, yasimiminwe.

Tatizo huanza pale mafuta yanapochomwa. Wapo wanaoyaweka motoni mpaka yapauke na kutoa moshi, ili yawe meupe kama ya dukani. Moto huo huiua karotini yote. Wapo pia wanaokaangia maandazi mafuta yaleyale asubuhi, mchana na kesho yake, hadi yageuke meusi na kunata. Moshi wa kukaangia kwa moto mkali umewekwa tangu 2010 katika orodha ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na anayeuvuta zaidi ni mpishi aliyeinama juu ya karai. Mafuta yakianza kutoa moshi, punguza moto. Yakiwa meusi, yamwage.

Je, wajua kwamba karotini hiyohiyo ikiwekwa kwenye kidonge inaweza kudhuru? Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa miaka kadhaa. Waliomeza vidonge vya karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994 na yaliwashtua wengi waliotarajia kinyume chake. Kwa hiyo muuza vidonge akikwambia kimoja kina nguvu ya kilo kumi za mboga, nunua mboga.

Je, wajua kwamba ndagala mkavu, yaani dagaa wa ziwa letu, anayeliwa mzima na mifupa yake, ni chanzo kizuri cha kalsiamu, na kwamba kalsiamu ya kutosha huendana na hatari ndogo ya saratani ya utumbo mpana? Mukeke, anayeitwa mgebuka upande wa Kigoma, naye ni kitoweo chema kuliko nyama nyekundu ya kila siku. Samaki si tatizo. Jicho liwe kwenye namna tunavyomkausha.

Nenda mwaloni asubuhi, vyombo vya uvuvi viitwavyo apollo vinaporudi. Ndagala humwagwa wakiwa wanang'aa kama misumari mipya. Mahali pengine hutandazwa moja kwa moja kwenye mchanga, kuku akipita, mvua ikija, na jioni huoshwa mchanga usitoke. Mahali pengine hupandishwa kwenye vichanja vya wavu, mita moja kutoka ardhini, hewa ikipita juu na chini. Vichanja hivyo vilihimizwa na FAO katika vijiji vya wavuvi vya pwani yetu, Mvugo na Muguruka vikiwamo, na muda wa kukauka ulipungua kutoka saa 12 hivi hadi 8. Wanawake walivipenda kwa sababu ya bei, kwani ndagala asiye na mchanga hununuliwa haraka. Mimi navipenda kwa sababu nyingine pia: samaki anayekaushwa vizuri na jua hahitaji moshi.

Maana moshi wa kuni, mafuta ya samaki yanapodondokea makaa, hubeba kemikali moja mbaya iitwayo benzopaireni, ambayo pia imo katika moshi wa sigara. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauruhusu samaki aliyebanikwa kwa moshi azidishe mikrogramu 2 za kemikali hiyo katika kilo. Sisemi tuache samaki wa moshi, ni riziki ya watu wengi. Nasema aokwe mbali na ndimi za moto, kwa kuni kavu, wala si kwa matairi, plastiki au mbao zilizopakwa rangi. Ngozi nyeusi iliyoungua ibanduliwe kabla ya kuliwa, na asiwe kitoweo cha kila siku. Jiko lenyewe liwe na mahali pa moshi kutokea, kwa kuwa moshi wa kuni ndani ya nyumba nao umo kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa, na wanaokaa nao ni mama na mtoto mgongoni.

Je, wajua sumukuvu? Hapa nitakaa kidogo. Kuna kuvu wa rangi ya kijani na manjano anayeota kwenye karanga, mahindi na vyakula vingine visivyokauka vizuri, na hutoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, chanzo kikiwa mashudu ya karanga. Kwa binadamu ni moja ya sumu za chakula ambazo ushahidi wake wa kuleta saratani ni thabiti kabisa, na kiungo chake ni ini. Ikiingia nyingi kwa mkupuo huua haraka: Kenya, mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye kuvu. Tanzania, mwaka 2016, Dodoma na Manyara, wakafa 20. Lakini ikiingia kidogo kidogo kwa miaka haipigi kelele. Hulichimba ini kimya.

Baya zaidi, kupika hakuiondoi. Kuchemsha, kukaanga, kutengenezea pombe, yote inayavumilia. Ng'ombe wa maziwa akilishwa pumba zenye kuvu, sumu hurudi kwetu ndani ya kikombe. Na mwenye homa ya ini ya aina B akiila, hatari yake ya saratani ya ini huweza kufikia mara 30 ya anayeila bila kuwa na homa hiyo. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B, iliyomo ndani ya sindano za kawaida za mtoto mchanga, ni chanjo ya saratani.

Kinga ya sumukuvu iko vidoleni. Mwone bibi ameketi barazani, ungo mapajani, anachambua karanga za kutia kwenye sombe. Mjukuu anaokota moja iliyosinyaa, ganda limekunjamana, ina doa la kijivu.

"Bibi, na hii?"

"Weka pembeni, mjukuu wangu. Hiyo haiingii chunguni, wala usimpe kuku."

Bibi yuko sahihi zaidi ya anavyojua. Sumu nyingi hukusanyika katika punje chache mbovu: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu, zenye uchungu mdomoni. Ukizitoa hizo umetoa sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Ukionja karanga ikawa chungu, iteme, usione haya mbele za watu. Anika mavuno juu ya turubai au mkeka, yasiguse udongo. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na kipimo cha bure ni hiki: tia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha dakika kadhaa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji mengi, yarudi juani.

Ukinunua unga wa karanga uliokwisha sagwa umenunua usichokiona. Afadhali ununue punje, uchambue, usage mwenyewe.

Je, wajua kwamba chai yenyewe haina hatia, ila moto wake? Kuna ukanda wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia kwenda kusini, ambako saratani ya umio, ile njia ya chakula kati ya koo na tumbo, imekithiri. Kilimanjaro walipowapima watu joto la chai wakati wa funda la kwanza, wastani ulizidi nyuzi 70, na chai ya maziwa ilinywewa ya moto zaidi. Tangu 2016 vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vimewekwa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa. Ni moto unaounguza ngozi ya ndani kila siku, na kidonda kinachoponywa na kuunguzwa tena miaka 30 huchoka. Chai inayokulazimisha kuifyonza kwa sauti bado haijawa tayari. Iache dakika tano, usalimiane na watu.

Je, wajua kwamba kahawa, inayoiletea Burundi fedha nyingi za kigeni, iliwahi kushukiwa mwaka 1991 kuhusu saratani ya kibofu, kisha 2016 ikaondolewa shutuma hiyo? Leo inahusishwa na kupungua kwa hatari ya saratani ya ini. Isiwe ya moto mkali tu.

Je, wajua kwamba pombe huhusika na saratani saba: ya kinywa, koromeo, sanduku la sauti, umio, ini, utumbo mpana na titi? Mwili huivunja na kupata asetaldehaidi, inayoharibu maumbile ya ndani ya chembe. Iwe bia ya chupa, urwarwa wa ndizi au gongo, kilevi ni kilekile. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Anayekunywa akipunguza, hatari nayo hupungua. Anayekunywa na kuvuta sigara kwa pamoja huzidisha hatari, hajumlishi.

Tumbaku hata haihitaji maelezo marefu. Hakuna kitu kingine kinachosababisha saratani nyingi kama hiyo duniani. Ugoro, wa kunusa au wa kuweka mdomoni, haukwepi: umo katika kundi lilelile la sigara, na wazee wetu wengi hudhani ni salama kwa kuwa hauna moshi. Habari njema ni kwamba aliyeacha sigara, baada ya miaka kumi hivi, hatari yake ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya anayeendelea.

Je, wajua kwamba soseji na sigara zimewekwa kundi moja na IARC? Wengi walishtuka mwaka 2015 waliposikia. Eleweni vizuri: makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Sigara inadhuru kuliko soseji mara nyingi sana. Hata hivyo gramu 50 za nyama ya kiwandani kila siku hupandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Mishikaki ya mbuzi ya jioni si nyama ya kiwandani, ila iliyoungua nyeusi ina kemikali zake. Ilowekwe kwanza kwa ndimu, vitunguu na tangawizi, igeuzwe mara kwa mara, na kilichoungua kikatwe.

Je, wajua kwamba wavuvi wetu wamo katika mjadala wa kitaalamu kuhusu usiku? Ndagala huvuliwa kwa taa, mwezi usipokuwepo, kwa hiyo mvuvi hukesha wiki tatu na kulala mwezi ukiwa mpevu. Kazi ya kukesha iliwekwa mwaka 2007, na tena 2019, katika vitu ambavyo huenda vinaongeza saratani, kwa kuwa mwanga wa usiku huvuruga saa ya mwili. Ushahidi bado haujawa thabiti, na sitamwambia mtu aache riziki. Namwambia mkewe na watoto: baba akirudi alfajiri, funga dirisha, nyamazisha redio, alale gizani.

Je, wajua kwamba kunyonyesha humkinga mama mwenyewe? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti kutoka nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Mama wa watoto wanne aliyenyonyesha kila mmoja mwaka na nusu amejiwekea akiba.

Unene uliozidi unahusishwa na saratani 13. Kutembea, kulima, kupiga kasia, yote huhesabika, na kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki. Mwanamke anayepanda mlima na kapu la mawese kichwani ameshazimaliza kufikia Jumanne. Anayekaa dukani tangu asubuhi hadi usiku ndiye ajihesabu.

Je, wajua kwamba watu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi mapema kwa sababu ya jua? Mtoto mwenye ualbino mwaloni avae kofia pana na mikono mirefu tangu akiwa mdogo. Hospitali ya KCMC ya Moshi hutengeneza mafuta ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya ngozi kama yake.

Je, wajua kwamba saratani inayoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, ya shingo ya kizazi, haiji kwa chakula? Huletwa na kirusi kiitwacho HPV, jambo lililompa Mjerumani Harald zur Hausen tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kuna chanjo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika, kisha Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba dozi moja inatosha kwa wasichana wadogo. Uvumi kwamba chanjo hiyo huzuia kizazi si kweli. Inakilinda kizazi.

Na kipimo chake, wajua kinatumia nini? Siki. Maji ya siki, yenye ukali sawa na ile ya kachumbari, hupakwa kwenye shingo ya kizazi, mhudumu anasubiri dakika moja hivi, na mahali palipoanza kubadilika hugeuka peupe. Majibu ni papo hapo, na doa dogo huweza kutibiwa siku hiyohiyo kabla halijawa saratani. Kupimwa kunapendekezwa kuanzia miaka 30, na kuanzia 25 kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi, kwa kuwa hatari yake ni mara sita.

Nalisisitiza hili kwa sababu naijua njia ya anayechelewa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa pwani hii aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kuvuka mpaka: Kigali, Kampala, au Dar es Salaam kwenye taasisi ya Ocean Road, katika jengo lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Kutoka Kigoma hadi huko reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kabla ya Kigoma kuna safari nyingine tena. Familia huuza shamba la michikichi, huuza mtumbwi, na wengi hufika saratani imeshasambaa.

Dada yangu wa Kabonga, wa Nyanza-Lac, wa Rumonge: kama umefika miaka 30 na hujawahi kupimwa, wiki hii uliza katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe ni wapi wanapima kwa siki. Kama unatokwa damu isiyo ya mwezi, una uvimbe kwenye titi, kidonda kisichopona, au chakula kinakwama ukimeza, usingoje mwezi wa pili. Mwambie jirani, mtoke pamoja asubuhi.